Je, Jirani Yetu Huabudu Jiwe?

Mtu asafiriye kwa nchi kavu kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi, akiisha kuvuka Mto Rufiji, hufika Somanga, na hapo bahari humkaribia tena. Ni mahali padogo, lakini siku hizi pana jina, kwa kuwa gesi ya Songo Songo, iliyoanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004, huingia nchi kavu upande huo wa pwani. Tangu hapo hadi Kilwa na Lindi watu wameishi na mawe kwa karne nyingi. Misikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa. Na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa motoni. Kwa mwenyeji wa pwani hiyo jiwe ni kitu cha kazi. Hulijengea, hulichoma, huliuza, na jioni huketi juu yake akitengeneza wavu.

Kwa sababu hiyo mwenyeji huyo hustaajabu asikiapo kwamba wako watu wanaoliosha jiwe kwa maziwa, wakalipamba kwa maua, wakaliwekea chakula na kuliinamia. Walakini habari hizo si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Mtaani Kisutu, Dar es Salaam, mahekalu ya Wahindu yamesimama karibu karibu. Unguja, Mombasa na Nairobi yako pia. Mtoto wa Kikatoliki apitaye mlangoni na kuchungulia ndani humwuliza mzazi wake, "Mbona yule analimwagia jiwe maziwa?" Na mara nyingi mzazi hujibu kwa kicheko, "Hao huabudu mawe." Jibu hilo ni fupi, tena ni rahisi. Leo twataka kuuliza kama ni la kweli.

Wala mtu asidhani kwamba jambo hili ni la wataalamu tu. Amri ya nane ya Mungu yatukataza kusema uongo juu ya jirani, nayo haikusema kwamba jirani mwenye dini nyingine hana haki hiyo. Mtu akisema uongo juu ya ng'ombe au shamba la mwenziwe, hupelekwa barazani. Akisema uongo juu ya ibada ya mwenziwe, yaani juu ya kitu ambacho mwenziwe hukithamini kuliko ng'ombe na shamba, hakuna amshitakiye. Watu hucheka pamoja naye. Pwani kuna methali ijulikanayo na wote: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Wazee waliitunga kwa kumkemea mtu amdharauye mwenziwe huku akiitaka mali yake. Kwa muda mrefu tumenunua nguo, misumari na mafuta ya taa katika duka la Baniani. Lakini ni wangapi kwetu waliouliza hata mara moja yule mtu aliamini nini?

Basi tuanze na mambo yenyewe. Kati ya mawe yaheshimiwayo na Wahindu, moja lenye sifa kubwa huitwa shaligrama. Hutoka katika Mto Kali Gandaki, nchini Nepal, penye milima ya Himalaya, karibu na hekalu la Muktinath lililo zaidi ya mita 3,700 juu ya usawa wa bahari. Ni jiwe jeusi, laini, ambalo mara nyingi huenea kiganjani, na ndani yake mna mzingo kama wa koa wa baharini. Wahindu wamfuatao Vishnu husema kwamba mzingo ule ni alama ya gurudumu lake, na kwamba yeye mwenyewe yumo humo. Sanamu iliyochongwa kwa mkono wa binadamu sharti kwanza ifanyiwe ibada maalum ya kuitia pumzi ya uhai, ndipo watu waiabudu. Shaligrama halihitaji ibada hiyo, kwa kuwa, wasema, hakuna mtu aliyelifanya kuwa lilivyo. Hukaa nyumbani mahali palipotengwa. Huoshwa kila siku, huwekewa majani ya mrihani uitwao tulsi, hupewa sehemu ya chakula kabla watu hawajala, na mzazi akifa hupokewa na mwanawe. Tena desturi yao ya zamani hukataza kulipangia bei: hupasa kuokotwa mtoni au kupokewa kama zawadi.

Yako na mengine. Katika Mto Narmada, India, huokotwa mawe marefu yaliyolainishwa na maji, nayo ni alama ya Shiva. Mawe ya namna hiyo huitwa linga, na neno hilo katika Kisanskriti lina maana ya alama. Karibu na mji wa Mathura uko mlima Govardhan, ambao, kwa simulizi zao, Krishna aliuinua kwa mkono mmoja akauweka kama mwavuli juu ya wanakijiji na mifugo yao wakati wa mvua kali. Vijiwe vya mlima ule huchukuliwa na wacha Mungu wao hata nchi za mbali, navyo huhudumiwa kama mtu mheshimiwa aliyekuja kukaa nyumbani.

Mambo haya yaliifikia pwani yetu zamani sana. Mwanachuoni Mwislamu al-Biruni, aliyeandika juu ya India yapata mwaka 1030, alieleza habari za hekalu la Somnath katika pwani ya Gujarat, ambamo mlikuwa na linga mashuhuri. Alisema kwamba kila siku liliogeshwa kwa maji yaliyoletwa kutoka Mto Ganges. Akaongeza jambo lituhusulo sisi: mahali pale palipata sifa kwa sababu palikuwa kituo cha mabaharia waliosafiri kati ya Sofala, katika nchi ya Zanji, na China. Baadaye dhahabu ya Sofala ndiyo iliyoitajirisha Kilwa, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta katika Kilwa shanga za akiki zilizotengenezwa Gujarat. Kwa hiyo upepo mmoja wa kaskazi ulivijaza matanga vyombo vya watu waliosali katika nyumba mbalimbali. Hekalu lile la Somnath lilivunjwa na majeshi ya Sultani Mahmud wa Ghazni yapata mwaka 1026, likajengwa na kubomolewa tena zaidi ya mara moja, na hekalu lililopo leo lilifunguliwa mwaka 1951.

Katika karne ya 19 uhusiano huo ulizidi kuwa wa karibu. Jairam Shivji, Mhindu wa kabila la Bhatia aliyetoka Mundra katika nchi ya Kachchh, alishika ushuru wa forodha za Sultani wa Unguja tangu miaka ya 1830, na mawakala wa nyumba hiyo ya biashara walikaa bandarini, Kilwa Kivinje ikiwamo. Wabhatia wengi hufuata njia ya mwalimu Vallabha, aliyeishi tangu 1479 hadi 1531, nao humheshimu sana Krishna katika umbo la jiwe jeusi, mtoto aliyeinua mkono kuushika mlima Govardhan. Sanamu hiyo imekaa Nathdwara, India, tangu mwaka 1672. Leo nyumba nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi katika Kilwa Kivinje ni magofu. Baada ya sheria ya mwaka 1971 iliyotwaa majumba ya kupangisha, Wahindi wengi waliiacha nchi wakaenda Uingereza, Canada na kwingineko. Mtu wa namna hiyo hawezi kuchukua nyumba yake wala duka lake. Jiwe linaloenea kiganjani huweza kulichukua.

Sasa tulishike swali lenyewe. Je, mtu huyo hudhani kwamba jiwe ni Mungu? Wahindu hawana jibu moja, na ni haki wasikilizwe kama wanavyosema wenyewe. Al-Biruni, ambaye dini yake ilikataza sanamu kabisa, alikuwa na uaminifu wa kutosha kuandika kwamba wenye elimu kati ya Wahindu humwabudu Mungu peke yake, na kwamba sanamu zilisimamishwa kwa ajili ya watu wa kawaida ambao akili zao zahitaji kitu cha kuonekana. Wengine hufuata mafundisho ya Ramanuja, mwalimu mkubwa wa India ya kusini wa karne ya 11 na ya 12. Hao husema kwamba Mungu asiyeweza kufikiwa hujishusha kwa huruma, akakubali kukaa katika kitu hafifu ili mtu mdogo apate kumhudumia, kumwosha na kumlisha, kama mfalme akubaliye kuwa mgeni katika kibanda. Tena ziko sikukuu ambazo sanamu za udongo huheshimiwa siku chache, kisha hutoswa mtoni au baharini zikayeyuka. Mtu adhaniye kwamba udongo ule ndio Mungu wake hawezi kuutosa majini huku akiimba.

Hata hivyo wako Wahindu walioyakataa hayo yote. Mmoja wao ni Dayananda Saraswati, aliyezaliwa Tankara, Gujarat, mwaka 1824. Alisimulia kwamba alipokuwa kijana alikesha hekaluni usiku wa sikukuu ya Shiva, akaona panya wakipanda juu ya linga na kula sadaka. Akajiuliza: huyu asiyeweza kumfukuza panya atawezaje kuulinda ulimwengu? Mwaka 1875 aliunda chama cha Arya Samaj katika Bombay, na wafuasi wake walikuja Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Basi lile swali ambalo mtoto wetu huuliza mlangoni kwa hekalu, Wahindu wamekwisha kuulizana wenyewe kwa wenyewe, tena kwa ukali kuliko sisi. Hatuwezi kuwacheka kana kwamba hawajawahi kufikiri.

Kabla hatujaendelea, yafaa tujitazame sisi. Kitabu cha Mwanzo chatusimulia kwamba Yakobo alilala njiani na jiwe chini ya kichwa chake, akaona ngazi ifikayo mbinguni. Asubuhi alilisimamisha jiwe lile, akalimiminia mafuta, na mahali pale akapaita Betheli. Yoshua aliamuru mawe 12 yatolewe katikati ya Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake waambiwe matendo ya Mungu. Altare zetu huwekwa wakfu na Askofu kwa kupakwa Krisma takatifu, na padre huibusu altare aanzapo Misa. Wamisionari wa kwanza waliopita katika nchi hii kwa miguu walichukua katika masanduku yao jiwe dogo la altare lenye masalia ya mashahidi, wakalitandika juu ya meza yoyote wakasomea Misa. Siku ya Ijumaa Kuu twapiga magoti na kuubusu msalaba wa mti. Mgeni asiyetujua akichungulia dirishani siku hiyo atasema nini juu yetu? Atasema kwamba Wakatoliki huabudu mbao. Nasi tutaudhika, na tutakuwa na haki ya kuudhika.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio walio wengi katika pwani ya Kilwa, wanalijua jambo hilo vizuri. Mahujaji wao hulibusu Jiwe Jeusi katika Makka, na mapokeo yao husimulia kwamba Khalifa Umar aliliambia waziwazi kwamba yeye anajua kuwa ni jiwe tu, lisiloweza kudhuru wala kufaa, na kwamba alilibusu kwa kumfuata Mtume. Kwa hiyo watu wa dini zote tatu hufanya matendo ambayo, mtu akiyatazama kwa nje tu, yanafanana sana. Tofauti hukaa katika imani ya atendaye, na imani haionekani kwa kuchungulia.

Eklezia ilikwisha kulipima jambo hili zamani. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima ipewayo picha humwendea yule aliyechorwa, na kwamba ibada ya kweli ni ya Mungu peke yake. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulirudia kwamba hatuziheshimu sanamu kwa kudhani mna uungu au nguvu ndani yake. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, uliwataja Wahindu kwa jina, ukasema kwamba huitafuta siri ya Mungu na kumkimbilia kwa upendo na matumaini. Tena ukasema kwamba Eklezia haikatai neno lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Mkatoliki ayadharauye yaliyo mema kwa jirani hawezi kusema kwamba anaitetea Eklezia.

Lakini hapa msomaji mwangalifu atatuuliza: "Je, mwataka kusema kwamba dini zote ni moja?" La, hatusemi hivyo. Heshima isiyosema kweli ni kujipendekeza. Ipo tofauti, nayo ni kubwa. Mhindu mwenye shaligrama hasemi tu kwamba jiwe lile humkumbusha Mungu. Husema Mungu yumo humo, kwa asili ya jiwe lenyewe. Sisi hatusemi hivyo juu ya picha wala sanamu yoyote. Twaamini kwamba jiwe, mto na mlima ni viumbe, na kwamba Mwumba ni mwingine kabisa. Manabii wa Agano la Kale waliwakemea vikali watu waliouambia mti au jiwe kwamba ndilo lililowazaa, na maneno yao hayajafutwa. Sisi nasi twaungama kwamba Mungu alijishusha. Lakini twaungama kwamba alijishusha mara moja katika historia, akawa mtu, mwana wa Maria, aliyeteswa wakati wa Ponsyo Pilato. Kwa ajili hiyo hatushiriki ibada ya hekalu la Wahindu, na Mhindu mwenye busara hatazamii tushiriki. Tunaweza kusimama mlangoni kwa adabu, tukavua viatu tukiruhusiwa kuingia, tukanyamaza, na bado tukabaki Wakatoliki kamili.

Na tofauti hiyo yatupa mzigo ambao pengine hatujaupima uzito wake. Mtu asemaye kwamba Mungu amekuwa mtu hana ruhusa tena ya kumtazama mtu yeyote kama kitu. Kitabu cha Mwanzo chasema kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Mtume Petro awaita waamini mawe yaliyo hai, yajengwayo kuwa nyumba ya kiroho. Basi tukiulizwa jiwe takatifu letu liko wapi, jibu letu la kwanza laweza kuwa altare; la pili ni lazima liwe mtu aliye mbele yetu. Hapo ndipo pwani ya Kilwa inapotuhukumu sote.

Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliitwaa Kilwa, wakaiteka mali yake, wakajenga ngome. Nao walijiita Wakristo. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka; naye alitoka katika nchi ya Kikatoliki. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuwapakia watumwa walioletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Waliowaleta wengi walikuwa Waislamu. Waliokopesha fedha na kutoza ushuru wengi walikuwa Wahindi, Mabaniani wakiwamo. Walionunua walikuwa watu wa dini mbalimbali. Mwaka 1860 balozi wa Kiingereza Unguja, Rigby, aliwaacha huru watumwa maelfu waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Na biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873. Kila mmoja katika wafanyabiashara wale alikuwa na mahali pake pa kusujudu. Huyu alimbusu Msalabani asubuhi, yule aliswali jamaa msikitini, wa tatu aliliogesha jiwe lake kwa upole kama amwogeshaye mtoto mchanga. Kisha wote walishuka forodhani, ambako binadamu walihesabiwa kama magunia ya sandarusi.

Basi tuulize: ibada ya sanamu katika Kilwa ilikuwa wapi? Mtume Paulo ajibu bila kuzunguka, asemapo kwamba kutamani mali ndiko kuabudu sanamu. Sanamu ya Kilwa haikuwa nyeusi wala haikuwa na mzingo. Ilikuwa ya fedha, na watu wa dini zote waliielewa lugha yake. Aliyemdhihaki Baniani kwa kuabudu jiwe pengine alikuwa naye katika ibada hiyo ya pili, bega kwa bega.

Jambo hilo latusaidia pia kupambanua kati ya alama takatifu na hirizi. Mwenye shaligrama hulihudumia jiwe: huamka mapema kwa ajili yake, huliosha, hula baada yake. Mwenye hirizi huhudumiwa na hirizi: huivaa ili impe mali, imlinde na adui, imshindie kesi. Wa kwanza amejifanya mtumishi. Wa pili amejifanya bwana. Sasa tuyatazame majumba yetu ya Kikatoliki. Rozari ikitundikwa garini ili gari lisipinduke, huku dereva akiendesha amelewa, imekuwa nini? Maji ya baraka yakinyunyizwa dukani ili wateja waje, huku mizani imepunjwa, yamekuwa nini? Huenda Mhindu aliyeinama mbele ya jiwe lake asubuhi ya leo, akiomba moyo wa shukrani, yu karibu zaidi na ibada ya kweli kuliko sisi tulioigeuza Sakramentali kuwa dawa ya biashara.

Liko funzo jingine katika mawe yenyewe. Wataalamu wa miamba wasema kwamba mzingo ulio ndani ya shaligrama ni gamba la mnyama wa baharini aitwaye amonaiti, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, kabla Himalaya haijainuka kutoka katika vilindi vya bahari. Na amonaiti hawako Nepal tu. Huko Tendaguru, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka mji wa Lindi, miamba ya zamani hizo hizo ina amonaiti, na ina makombe yaitwayo Trigonia smeei ambayo hupatikana vilevile Kachchh, nchi ya akina Jairam Shivji. Bahari moja ilizigusa pwani zote mbili kabla mtu yeyote hajakuwako wa kuisafiria.

Tendaguru yajulikana duniani kwa mifupa ya wanyama wakubwa wa kale. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, waliichimba huko. Na mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi hodari Boheti bin Amrani, ndio walioifukua na kuichukua vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Kiunzi kimoja chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama Berlin mpaka leo. Jiwe la namna moja, basi, mmoja amelipeleka hekaluni, mwingine amelipeleka nyumba ya makumbusho, na wa tatu angalilitia tanurini apate chokaa. Mwenye tanuru ana watoto wa kulisha, na mtaalamu ametuonyesha maajabu ya Mwumba ambayo babu zetu hawakuyajua. Lakini yule wa kwanza ana neno ambalo wengine wawili wanalihitaji, nasi tunalihitaji: kwamba kiko kitu duniani kisichopangiwa bei. Ulimwengu usiokuwa na kitu cha namna hiyo, mwishowe humpangia bei na mtu. Kilwa iliyaona hayo.

Kwa hiyo twawaomba wazazi Wakatoliki mambo matatu. La kwanza, mtoto akiuliza juu ya jiwe la jirani, apewe jibu la kweli: kwamba jirani yetu humtafuta Mungu, kwamba yeye huamini Mungu hujionyesha katika jiwe lile, na kwamba sisi twaamini Mungu amejionyesha katika Yesu Kristo. Mtoto wa miaka saba aweza kuyaelewa hayo, na hatakuwa amefundishwa kicheko mahali pa katekisimu. La pili, mali za ibada za wengine ziheshimiwe hata wenyewe wakiwa hawapo. Hekalu lililofungwa, kaburi la kale la Mwislamu, kanisa lisilo na padre, si machimbo ya mawe wala si jalala. La tatu, kila jamaa ijiulize nyumbani mwake ni kitu gani ambacho, kikitakiwa kwa fedha nyingi kiasi gani, hakitauzwa: neno la ahadi, heshima ya binti, haki ya mtumishi wa nyumbani, Jumapili. Nyumba isiyo na jibu imekwisha kupata sanamu yake, hata kama ukuta wake una picha ya Moyo Mtakatifu.

Waswahili wa pwani walisema pia kwamba kafiri akufaaye si Islamu asiyekufaa. Waliotunga methali hiyo walikuwa Waislamu, nao hawakuiacha dini yao kwa kuisema. Walijua kupima mtu kwa mizani ya haki bila kuitupa imani. Siku jirani yetu Mhindu atakapofunga mlango wa duka na kuwasha taa yake ndogo mbele ya jiwe alilopokea kwa baba yake, tusimwonee haya wala tusimcheke. Tumwombee kwa Mungu tumwaminiye. Na kesho yake tukienda kununua kwake, au yeye akija kununua kwetu, mizani iwe sawa.